Namna ya Kutazama Tamthilia za Upelelezi za Skandinavia Ukiwa Dar

Wengi huanza tamthilia ya upelelezi ya Denmark au Sweden, wakafika dakika ya ishirini wakaizima. Malalamiko ni yale yale: picha nyeusi tupu, watu hawaongei, muuaji haonekani. Hayo matatu ndiyo utamu wenyewe wa hizi kazi, ila sebule zetu za Dar huuharibu kabla haujafika. Kwa hiyo tengeneza sebule kwanza, kuchagua cha kutazama kutafuata.

Tuanze na giza. Mwezi Desemba jua la Stockholm huzama kabla ya saa tisa alasiri, na waongozaji wa huko huliacha giza hilo liingie kwenye picha. Mtu anayesimama kwenye korido, gari lililozimwa taa, uso wa mama aliyepewa taarifa ya msiba: vyote vimefichwa nusu kwa makusudi. Ukitazama saa kumi jioni, dirisha likiwa wazi, utajiona mwenyewe kwenye kioo badala ya mtuhumiwa. Subiri taarifa ya habari ya saa mbili iishe na watoto walale (maiti za humo si za kutazamwa na watoto hata kidogo), zima tyubulaiti, bakiza taa ndogo nyuma ya runinga ili macho yasichoke.

Kisha shika rimoti, ingia kwenye mpangilio wa picha. Runinga nyingi huwa kwenye Vivid au Dynamic, mpangilio wa kung'arisha rangi dukani. Weka Movie au Cinema. Zima kulainisha mwendo, kitu ambacho kila kampuni imekipa jina lake lakini mara nyingi lina neno Motion ndani. Zima pia kihisi cha mwanga na mpangilio wa kubana umeme, kwa sababu hupunguza mwanga wa kioo pale pale chumba kinapokuwa na giza. Kosa linalorudiwa sana ni kukimbilia kupandisha Brightness picha nzima inapoonekana nyeusi. Kwenye runinga nyingi hiyo hugeuza weusi kuwa kijivu tu, bila kukuonyesha zaidi. Kinachotakiwa kupanda kwanza ni Backlight, yaani taa iliyo nyuma ya kioo. Jaribu hivi: simamisha picha kwenye tukio la usiku lenye mtu aliyevaa koti jeusi. Ukiitambua kola ya koti na ukuta ulio nyuma yake, uko sawa. Koti likiwa rangi ya majivu, shusha Brightness. Likiwa doa moja lisilo na mikunjo, ipandishe kidogo kidogo hadi mikunjo itokee, kisha uiache hapo.

Bando nalo lina mchango wake. Video inapobanwa ili iwe nyepesi, kinachotupwa kwanza ni vile vivuli ambavyo jicho halivijali sana, na hizi tamthilia zimejaa vivuli. Ndiyo maana unaona ukuta wa usiku ukigawanyika vipande vipande kama vigae. Ukiwa Netflix kwenye simu na umewasha kubana data, GB 1 hukupa takriban saa sita, lakini giza lote litakuwa vigae. Ubora wa HD hula hadi GB 3 kwa saa. Njia ya kati ni kupakua ukiwa kwenye Wi-Fi, ukichagua ubora wa juu kwenye mpangilio wa upakuaji, halafu utazame bila intaneti. Hapo hata umeme ukikatika katikati, simu inaendelea.

Feni. Panga boi likizunguka kwa kasi hufunika nusu ya sauti za tamthilia hizi: pumzi, mvua kwenye kioo, mlango unaofungwa chumba cha pili. Joto la Dar halikuruhusu kulizima, basi tumia earphone, au sogeza spika karibu na unapokaa.

Sasa maandishi ya chini, maana Kidenmaki na Kiswidi hatukijui na mara nyingi tutasoma Kiingereza. Kama unatazama faili kwenye programu ya VLC, lipe faili la maandishi (.srt) jina lile lile la video na uyaweke kwenye folda moja, yatajitokeza yenyewe. Maandishi yakiwahi au yakichelewa kwa kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho, kwenye kompyuta ya Windows bonyeza H kuyachelewesha au G kuyawahisha, kila mbonyezo ni milisekunde 50. Yakianza sawa kisha yakazidi kuachana na picha, hilo ni tatizo jingine: runinga za Ulaya huenda picha 25 kwa sekunde, na maandishi yako yametengenezwa kwa video ya picha 23.976. Tofauti hiyo hufikia sekunde mbili na nusu hivi kwa kila dakika, na hakuna kitufe cha kuchelewesha kitakachoiponya. Tafuta maandishi mengine. Na majina yenye ø au å yakitokea kama takataka, badili usimbaji wa maandishi (encoding) kuwa UTF-8, au ule wa Ulaya Magharibi kama faili ni la zamani.

Usitafute toleo lililotafsiriwa kwa sauti ya DJ. Wale mabingwa wa vibanda umiza wana kipaji kikubwa na filamu za ngumi zinawahitaji, lakini kazi yao ni kujaza ukimya. Humu mtuhumiwa hujificha ndani ya ukimya: swali linaulizwa, mtu anatazama kikombe cha kahawa sekunde nne, anajibu kingine kabisa. Ukijaziwa zile sekunde nne, umenyimwa ushahidi.

Kwa kuanzia, chukua Kastanjemanden ya Denmark (2021). Ni sehemu sita tu, na inashika mapema: karibu na maiti kinaachwa kidoli kidogo cha mbegu, na kwenye kidoli kuna alama ya kidole ya binti wa waziri aliyepotea mwaka mmoja nyuma. Halafu Bron/Broen, sizoni ya kwanza ya 2011, sehemu kumi. Maiti imelazwa katikati ya daraja la Øresund, juu kabisa ya mpaka wa Denmark na Sweden, na ni nusu mbili za wanawake wawili: juu mwanasiasa wa Sweden, chini kahaba wa Denmark. Muuaji anadai anaanika maovu ya jamii. Hapo ndipo utaelewa mvuto wa hawa wauaji wa mfululizo: kila maiti ni swali kwa serikali, nani alihesabiwa kuwa mtu na nani hakuhesabiwa.

Kwa msomaji wa Tanzania hapo pana uzito wa pekee. Nchi za Nordic tumezijua kama wafadhili. Shirika la Elimu Kibaha lilianzishwa kwa msaada wao miaka ya 1960, na Olof Palme, waziri mkuu wa Sweden, alikuwa rafiki wa Mwalimu Nyerere. Palme aliuawa kwa risasi barabarani Stockholm tarehe 28 Februari 1986, na mtu pekee aliyetiwa hatiani, mwaka 1989, aliachiwa na mahakama ya rufaa. Jeraha hilo, pamoja na vitabu kumi vya waandishi wa Sweden Maj Sjöwall na Per Wahlöö (1965 hadi 1975) vilivyotumia upelelezi kuikagua dola yao, ndiyo mizizi ya tamthilia hizi. Unatazama nchi tajiri ikijihoji yenyewe.

Ukishapata pumzi, ingia Forbrydelsen, sizoni ya kwanza ya 2007. Sehemu 20, kila moja siku moja ya uchunguzi, nyuzi tatu sambamba: polisi, familia ya marehemu, na kampeni ya umeya wa Copenhagen. Tazama mbili kwa usiku, zisizidi. Andika majina kwenye karatasi yenye safu tatu, maana uzi wa siasa ndio watu huuruka, kisha sehemu ya kumi wanapotea. Mambo mawili yatakusaidia. Denmark, aliyekamatwa lazima afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 24. Ndiyo maana polisi wanakimbia hata pale wanapoonekana wamekaa. Na mdogo akimwita mkuu wake kwa jina tu, bila afande wala cheo, si utovu wa adabu. Ndivyo wanavyoitana, kwa hiyo usimhesabu kuwa mtuhumiwa.

Ukijaziwa flashi Kariakoo, hakikisha hujapewa toleo la Marekani la Forbrydelsen. Fungua sehemu ya kwanza: mji ni Copenhagen na mpelelezi anaigizwa na Sofie Gråbøl, hiyo ndiyo. Mji ukiwa Seattle, ni The Killing ya 2011, na usichanganye sehemu za hizo mbili, kwani muuaji si yule yule. Bron/Broen nayo ina ya Marekani, daraja likiwa mpaka wa Mexico.