SOMO: Kuingia benki ya uwekezaji ukiwa umesoma chuo cha Mwanza

Wakuu, kila mitihani ya mwaka wa tatu ikiisha meseji zinazoingia ni zile zile. "Nimesoma Nyegezi, watu wa Dar watanichukua kweli?" "Kaka nipe koneksheni." Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika yote mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Tuelewane kwanza tunaongelea kazi gani. Benki ya uwekezaji haihusiani na kaunta ya kuweka na kutoa pesa. Ni kazi ya kuitafutia kampuni mtaji kwa kuuza hisa au hatifungani (hati za mkopo zenye riba), na kuishauri inaponunua kampuni nyingine au inaponunuliwa. Hapa nchini wanaoifanya ni wachache: vitengo vya makampuni makubwa ndani ya mabenki kama Stanbic na Standard Chartered, madalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) wenye leseni ya kushauri kutoka CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, na idara za ushauri za makampuni ya ukaguzi. Nafasi nyingi hujazwa bila tangazo. Jina la chuo lina uzito mkubwa pale ambapo anayesoma barua yako hana kitu kingine cha kukupimia. Kazi yako ni kumpa hicho kitu kingine.

Hatua ya 1. GPA ivuke 3.5.

Hatua ya 2. Fungua akaunti ya hisa na ununue chache, hata za elfu ishirini. Ukiwa na pesa yako humo utasoma taarifa za kampuni kwa macho tofauti.

Hatua ya 3. Field. Usikimbilie ofisi iliyo karibu na nyumbani ukapange mafaili wiki nane. Omba idara ya mikopo ya biashara kwenye tawi la benki hapa mjini, au kampuni ya ukaguzi hata kama ni ndogo. Ukikaa na afisa mikopo anayeamua kama mwenye kiwanda cha kuchambua pamba atalipa au hatalipa, utajua mizania ni ya nini.

Hatua ya 4. Andika uchambuzi wa kampuni moja. Hapa naomba msome polepole.

Chagua kampuni iliyoorodheshwa DSE. Chukua taarifa zake zilizokaguliwa za miaka mitano, ujenge modeli ya Excel inayounganisha taarifa ya mapato, mizania na mtiririko wa fedha. Kisha andika kurasa tatu: kampuni ina thamani gani, kwa nini, na ni jambo gani likitokea hesabu yako itakuwa si sahihi. Modeli za vijana zinaletwa mezani kwangu, na kasoro zake nazijua kabla sijafungua faili. Ya kwanza ni mizania isiyolingana. Mtu anaona mali haziwi sawa na madeni na mtaji, anatia namba ya kuziba pengo kwenye fedha taslimu, anatuma. USIZIBE. Mchambuzi yeyote huanza na mstari huo wa ulinganisho, na akiona namba iliyopachikwa kwa mkono hasomi zaidi. Tafuta pengo limetoka wapi. Mara nyingi ni uchakavu uliotolewa kwenye faida lakini haukutolewa kwenye mali, au gawio lililolipwa bila kupunguza faida iliyolimbikizwa.

Kasoro ya pili ni kiwango cha punguzo, yaani asilimia unayotumia kugeuza pesa za miaka ijayo kuwa thamani ya leo. Vitabu vingi vya kozi hii vimeandikwa Marekani, mifano yake inatumia asilimia 8 au 9, na mwanafunzi ananakili hivyo hivyo kwa kampuni inayouza kwa shilingi. Hatifungani ya serikali ya miaka 25 ilipoanza kuuzwa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Kama serikali yenyewe ililipa hivyo, nani ataweka pesa kwenye hisa, zenye hatari zaidi, kwa asilimia 9? Ukikosea hapo thamani yako inapanda karibu mara mbili, na kurasa zote tatu hazina maana tena. Anza na riba ya hatifungani za serikali zinazouzwa sasa, ongeza fidia ya hatari, na ueleze kwa sentensi moja kwa nini umeongeza kiasi hicho.

Ya tatu ni kuogopa kusema kampuni ni ghali. Kama hesabu inasema ni ghali, andika ni ghali.

Hatua ya 5. Barua pepe. Usimwandikie afisa rasilimali watu, mwandikie mchambuzi anayefanya kazi hiyo. Utampataje? Fungua waraka wa matarajio (prospectus, kitabu wanachopewa wanunuzi) wa mauzo yoyote ya hisa au hatifungani, mfano ule wa Vodacom Tanzania wa mwaka 2017, walipouza hisa kwa shilingi 850 na kukusanya shilingi bilioni 476. Kurasa za mwanzo zinataja washauri wote: mshauri mkuu, dalali, wanasheria, wakaguzi. Hiyo ndiyo orodha yako. Andika sentensi nne, ambatisha kurasa tatu, omba akukosoe. Usiombe kazi kwenye barua ya kwanza. Mtu aliyekwisha kusahihisha kazi yako atakukumbuka nafasi ikitokea.

Hatua ya 6. Usaili. Jua mikataba miwili mitatu ya hapa nchini kwa undani. Ununuzi wa Tanga Cement unatosha kuanzia: Scancem, kampuni tanzu ya Heidelberg, ilitangaza Oktoba 2021 kununua asilimia 68.33 kutoka AfriSam. Tume ya Ushindani ikaruhusu mwaka 2022, Baraza la Ushindani likabatilisha mwaka huo huo, na bado mwishowe hisa zikahama. Ukiweza kueleza kwa nini bei nzuri peke yake haimalizi mkataba, tayari umewapita wengi.

Maswali chini.

---

Mtoto_wa_Buhongwa: Kaka nina GPA 3.1 naomba namba ya mtu wa HR yeyote Dar

Mwandishi: Hatua ya 5 imesema usimwandikie huyo. Namba za watu sitoi.

Ngosha_Mbishi: Maneno matamu tu haya. Bila mjomba huingii, tusidanganyane.

Mwandishi: Sijasema wajomba hawapo. Wapo, na mwenye mjomba ataitwa kabla yako. Lakini mkataba ukifika mezani lazima awepo mtu wa kujenga modeli usiku na ifunge asubuhi, na mjomba hawezi kumfanyia mpwa wake hilo. Hapo ndipo watu wa vyuo vyetu wanapoingia. Nimewaona wakiingia hivyo, ndiyo sababu naandika. Wewe ulishatuma uchambuzi wowote ukakataliwa?

Ngosha_Mbishi: Bado.

Mwandishi: Basi anza hapo, ndugu yangu.

Binti_Kirumba: Shikamoo kaka. Nasoma uhasibu mwaka wa pili. Baba ana mitumbwi na anauza sangara kwa wakala wa kiwanda. Nikichambua kiwanda cha minofu itahesabika, wakati DSE hakuna hata kimoja?

Mwandishi: Marahaba dada. Itahesabika, tena sana, kwa sababu una habari ambayo mtoto wa Dar hana. Fanya kampuni ya DSE kwanza ili uwe na namba za wazi, kisha kiwanda kama kazi ya pili, kwa makadirio unayoyaeleza. Angalia mambo matatu. Moja, mapato ni dola au yuro, gharama nyingi ni shilingi, kwa hiyo weka mstari wa kubadilisha kiwango cha fedha uone faida inavyotikisika. Mbili, mtaji wa kuendeshea: kiwanda kinamtangulizia wakala pesa za mafuta, barafu na nyavu, mnunuzi wa Ulaya analipa baadaye. Muulize baba ni siku ngapi pesa inakaa kwa wakala. Namba hiyo haipo kwenye kitabu chochote. Tatu, usisahau mabondo (vibofu vya hewa vya sangara). Kwa kilo yanalipa kuliko minofu na soko lake ni China, yanastahili mstari wake. Kwenye hatari andika mwaka 1999, Umoja wa Ulaya uliposimamisha samaki wa Ziwa Victoria. Ukimaliza nitumie, nitaisoma yote.

Binti_Kirumba: Wabeja sana kaka. Jumamosi naenda naye mwaloni na daftari.

Hesabu_Safi: CPA au CFA?

Mwandishi: Kama unataka kuanzia kwenye ukaguzi, CPA, cheti cha uhasibu cha bodi ya wahasibu NBAA, na inakulinda hata ukiacha njia hii. CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, inakaa karibu zaidi na kazi yenyewe ila ada ni za dola. Kuna pia kozi ya CMSA ya watendaji wa masoko ya mitaji, ambayo madalali wanaiheshimu. Usilipie chochote kabla ya hatua ya 4.

Malimbe_Boy: Vipi London? Goldman Sachs wanachukua Watanzania?

Mwandishi: Wanaangalia zaidi waliopita mafunzo yao ya kiangazi, na maombi hufunguliwa karibu mwaka mzima kabla. Kwa wewe maana yake ni shahada ya uzamili huko kwanza. Angalizo: ufadhili wa Chevening unakutaka urudi nyumbani angalau miaka miwili, kwa hiyo si njia ya kubaki London. Nairobi na Johannesburg ni karibu zaidi.

Igoma_Juu: Mkuu nipe swali moja la usaili nijipime.

Mwandishi: Uchakavu umeongezeka shilingi milioni 10, kodi ni asilimia 30. Taarifa tatu zinabadilikaje?

Igoma_Juu: Faida inashuka 10?

Mwandishi: Kabla ya kodi, ndiyo. Baada ya kodi inashuka 7. Kwenye mtiririko wa fedha unaanza na hasi 7, unarudisha 10 kwa kuwa uchakavu si pesa iliyotoka, fedha taslimu zinapanda 3. Kwenye mizania fedha juu 3, mitambo chini 10, jumla ya mali chini 7. Upande wa pili faida iliyolimbikizwa chini 7. Zinalingana. Sasa rudia mwenyewe kwa ongezeko la milioni 40, bila karatasi.

Igoma_Juu: Faida chini 28, fedha juu 12, mitambo chini 40, mali chini 28.

Mwandishi: Safi kabisa. Kesho nitakuwekea la deni.

Mzee_wa_Excel: Nyongeza kwa wanaotumia kompyuta za maabara ya chuo: mkikopi namba kutoka taarifa za PDF, Excel wakati mwingine huzisoma kama maneno na jumla inatoka sifuri. Zidisha safu nzima kwa 1 kabla hamjaanza chochote.