Jinsi ya kuandaa orodha ya mawakili na mahakimu weusi wa kwanza katika jimbo la Marekani: mfano wa Massachusetts

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia mwanafunzi wa sheria aliyetakiwa kuandaa orodha ya wanaume wa jamii za wachache waliotangulia katika uwakili na uhakimu wa jimbo moja la Marekani. Tulichagua Massachusetts kwa sababu kumbukumbu zake ni nyingi na karibu kila mtego wa kazi hii unapatikana humo. Nachukulia kwamba msomaji anajua kupekua hifadhi za magazeti ya zamani mtandaoni na kutengeneza lahajedwali, kwa hiyo sitaeleza hayo.

Hatua ya 1: Weka mipaka ya orodha

Amua mapema jimbo, jamii, kipindi na jinsia. Orodha ya wanaume isichanganywe na ya wanawake, kwa kuwa vizuizi vyao havikufanana: mwaka 1881 Mahakama ya Juu ya Massachusetts ilimkatalia Lelia Robinson uwakili kwa sababu ya jinsia yake, na ilibidi sheria ibadilishwe mwaka 1882, wakati wanaume weusi walikuwa wameanza kusajiliwa zaidi ya miaka 30 nyuma. Angalia pia ramani ya wakati husika. Maine ilikuwa sehemu ya Massachusetts hadi mwaka 1820, na Charlestown ilikuwa na serikali yake ya mji hadi ilipounganishwa na Boston mwaka 1874.

Hatua ya 2: Andika tukio, si mtu

Kila mstari wa lahajedwali ubebe tukio moja: jina kama lilivyoandikwa siku hiyo, kitendo, mahakama, kaunti, tarehe, na chanzo cha habari. Mtu mmoja anaweza kuwa na mistari mitano. Wengi hupenda mstari mmoja kwa kila mtu kwa sababu unapendeza macho, lakini mimi siupendekezi hata kidogo, kwani ndani yake tarehe ya kuhitimu, ya kusajiliwa na ya kuteuliwa humezana.

Hatua ya 3: Uliza "wa kwanza katika nini, wapi, na mbele ya mahakama gani"

Hapa ndipo muda mwingi huishia, kwa hiyo usiharakishe. Vyanzo vingi husema fulani alikuwa "wa kwanza" na kuishia hapo, nawe utakuta watu wanne wanaopewa sifa hiyo hiyo bila yeyote kati ya waliosema kuwa mwongo.

Anza na Macon Bolling Allen. Aliomba kusajiliwa Maine akakataliwa kwanza kwa hoja kwamba hakuwa raia, kisha akapita kwa njia ya mtihani na kusajiliwa tarehe 3 Julai 1844. Huyo ndiye mtu mweusi wa kwanza kupewa leseni ya uwakili Marekani, lakini mstari huo ni wa Maine. Massachusetts alisajiliwa Mei 1845, na huo ndio mstari unaoingia katika orodha yetu. Ukisoma kwamba alitembea kwa miguu maili 50 kwenda Worcester kufanya mtihani, iandike habari hiyo katika safu ya maelezo kama simulizi, wala usiitumie kuthibitisha tarehe.

Baada ya Allen anakuja Robert Morris, aliyezaliwa Salem na kujifunza sheria katika ofisi ya Ellis Gray Loring, kisha akasajiliwa mwaka 1847. Morris ndiye aliyesimamia shauri la mtoto Sarah Roberts dhidi ya Jiji la Boston kuhusu ubaguzi katika shule, akishirikiana na Charles Sumner, wakili aliyekuja kuwa seneta. Mahakama iliamua dhidi yao mwaka 1850, lakini mwaka 1855 jimbo lilipiga marufuku ubaguzi huo kwa sheria. Kwa hiyo kuna waandishi wanaomtanguliza Morris kwa maana ya kazi iliyoonekana mahakamani, na wanaomtanguliza Allen kwa maana ya leseni. Wape wote wawili mistari yao, usijifanye mwamuzi.

Mtego mkubwa zaidi uko upande wa mahakama. George Lewis Ruffin, aliyekuwa kinyozi kabla ya kuwa mwanasheria, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu Shule ya Sheria ya Harvard, mwaka 1869, na mwaka 1883 Gavana Benjamin Butler alimteua kuwa hakimu wa Mahakama ya Manispaa ya Charlestown. Karibu kila mahali utasoma kwamba ndiye hakimu wa kwanza mweusi wa Massachusetts. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1840 Allen alikuwa tayari ameteuliwa mlinzi wa amani ("justice of the peace") katika Kaunti ya Middlesex, cheo kilichokuwa na mamlaka ya kimahakama katika mambo madogo. Ikiwa mlinzi wa amani unamhesabu miongoni mwa mahakimu, Allen anamtangulia Ruffin kwa zaidi ya miaka 30. Usipomhesabu, Ruffin anabaki wa kwanza. Mimi huweka safu ya "ngazi ya mahakama" na kuijaza kwa kila uteuzi bila kusamehe hata mmoja, kwa sababu msomaji anayeona neno "jaji" peke yake atadhani mtu huyo alikaa Mahakama ya Juu ya jimbo, na Ruffin hakukaa huko.

Tenga pia mahakama za shirikisho na zile za jimbo. John Swett Rock, aliyekuwa mwalimu, daktari wa meno na tabibu kabla ya kugeukia sheria, alisajiliwa Massachusetts mwaka 1861. Tarehe 1 Februari 1865 akawa mtu mweusi wa kwanza kuandikishwa kuwa wakili mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa ombi lililotolewa na Sumner. Jaji Mkuu Salmon Chase alikuwa ameshika nafasi ya Roger Taney, yule aliyeandika mwaka 1857 kwamba watu weusi hawawezi kuwa raia wa Marekani. Tukio la Rock ni kubwa na linastahili maelezo marefu, lakini ni la Washington. Katika orodha ya Massachusetts, kinachohesabika kwake ni usajili wa 1861, na hapo yeye si wa kwanza.

Jambo la mwisho katika hatua hii: usitegemee sajili moja ya jimbo zima. Enzi hizo mawakili walisajiliwa kupitia mahakama za kaunti, kwa hiyo kumkosa mtu katika kumbukumbu za Suffolk, ilipo Boston, hakuthibitishi kwamba hakusajiliwa Worcester.

Hatua ya 4: Kagua majina

Allen alizaliwa Indiana akiitwa Allen Macon Bolling, na alibadilisha mpangilio wa jina lake mwaka 1844. Tafuta kila mpangilio. Sensa ya 1850 inasaidia kwa kuwa ilikuwa na safu ya rangi ya mtu na ya kazi yake, na gazeti la *The Liberator* la Boston, lililopinga utumwa, ni hazina, ila lilifungwa mwaka 1865. Kwa Ruffin itabidi utafute kwingine. Mabango ya kumbukumbu na hotuba za maadhimisho nakushauri uviache kabisa katika hatua hii.

Hatua ya 5: Karne ya 20

Hapa kazi ni nyepesi, kwa sababu uteuzi hutangazwa rasmi. Frederick L. Brown aliingia Mahakama ya Rufaa ya jimbo mwaka 1976. David S. Nelson aliteuliwa mwaka 1979, lakini katika mahakama ya shirikisho, hivyo awekwe kando. Roderick Ireland aliingia Mahakama ya Juu ya jimbo mwaka 1997 na kuwa Jaji Mkuu wake mwaka 2010. Ukitaka kulinganisha, weka jedwali la pembeni: Jonathan Jasper Wright alikaa katika Mahakama ya Juu ya South Carolina tangu mwaka 1870.

Hatua ya 6: Ongeza safu ya waliokataliwa

Safu hii wengi huiruka, nami nadhani orodha isiyo nayo ina kasoro. Ukihamia majimbo ya magharibi utaihitaji mara moja. Hong Yen Chang, mzaliwa wa China, alisajiliwa New York mwaka 1888, lakini California ilimkatalia mwaka 1890 kwa sababu sheria ya shirikisho ya 1882 ilizuia Wachina kupewa uraia na jimbo lilitaka wakili awe raia. Mahakama ya Juu ya California ilimsajili mwaka 2015, akiwa marehemu. Takuji Yamashita alikataliwa Washington mwaka 1902 na kusajiliwa mwaka 2001, naye pia akiwa marehemu. Watu kama hawa wape mistari miwili, wa kukataliwa na wa kusajiliwa, na upange orodha kwa tarehe ya ule wa kwanza. Ukipanga kwa tarehe ya pili, Chang atatokea baada ya Cruz Reynoso, jaji wa asili ya Mexico ambaye aliingia Mahakama ya Juu ya California mwaka 1982.