Kitambaa cha kichwa cha kurithi: sogeza mkunjo

Kama umerithi kendő, kile kitambaa cha kichwa cha mraba cha Hungaria, usikikunje pembetatu palepale kilipokunjwa miaka yote. Sogeza mkunjo sentimita 3 hivi pembeni ya mstari wa zamani. Upande mmoja utazidi mwingine kidogo, nao uuweke ndani usionekane. Nyuzi huchoka zikikunjwa mahali pamoja, na mstari huo ndio unaokaa juu ya paji la uso, unakonyonya jasho na mafuta ya nywele. Kwanza kiinue mbele ya dirisha: ukiona vitundu vinapitisha mwanga kwenye mstari, mkunjo wako upite mbali navyo. Fundo nalo libadilishe, leo chini ya kidevu, kesho kisogoni, na usivute ncha kwa nguvu. Kékfestő, yaani pamba ya bluu ya nili yenye maua meupe, huvumilia sana, ila ikilowa jasho rangi huweza kushika ngozi. Vaa kitambaa cheupe cha pamba chini yake.

Mbinu hii haifai kwa hariri kuukuu iliyoongezwa uzito kwa chumvi za metali, mtindo ulioenea mwishoni mwa karne ya 19. Hiyo hupasuka popote, na mkunjo mpya ni mpasuko mpya. Usiivae kabisa. Izungushe kwenye bomba nene la karatasi, ukitanguliza karatasi isiyo na tindikali au shuka la pamba lililofuliwa bila wanga.