Somo: Kwenda Canton Fair kwa metro ukitokea Xiaobei

Wakuu habari. Msimu wa Canton Fair, yale maonyesho makubwa ya biashara kule Guangzhou, China, ukifika watu wetu wengi wanafikia mtaa wa Xiaobei, alafu kila asubuhi wanakaa kwenye foleni ya teksi na hela inakatika bure. Metro (treni ya mjini) ipo hapo hapo chini ya ardhi na nauli inaanzia yuan 2, unaongeza kulingana na umbali.

HATUA YA 1. Kabla hujatoka chumbani jua bidhaa unazotafuta ziko Area gani, yaani sehemu gani ya jengo la maonyesho. Hapa ndo wengi wanapotea, maana jengo ni kubwa mno mpaka linahudumiwa na stesheni mbili zinazofuatana, zote mstari namba 8. Area A shuka Xingangdong (新港东), tokea mlango A. Area B na C shuka Pazhou (琶洲), na kama ni C fuata kibao cha mlango C huko huko chini kabla hujapanda ngazi. Ukikosea stesheni utatembea kwa mguu mpaka uchoke hata kabla hujaona bidhaa moja. Hayo maandishi ya Kichina yapige picha yakae kwenye simu.

HATUA YA 2. Stesheni ya Xiaobei iko mstari namba 5. Begi linapita kwenye mashine ya ukaguzi kwanza, kila siku, usibishane nao. Mashine ya tiketi ina Kiingereza, unagusa jina la unakoenda, unalipa, inakutemea kitu cha plastiki cha kijani kama sarafu. Kuingia unakigusisha kwenye geti, kutoka unakitumbukiza kwenye tundu, kwahiyo kitunze, usikichanganye na chenji mfukoni.

HATUA YA 3. Njia ya kwanza: namba 5 mpaka Zhujiang New Town, hamia namba 3 mpaka Kecun, hapo chukua namba 8. Ni fupi ila namba 3 asubuhi watu wanashonana balaa. Mimi napenda ya pili, unakaa kwenye namba 5 mpaka Chebeinan, unahamia namba 4 mpaka Wanshengwei, unachukua namba 8 na kituo kinachofuata tu ni Pazhou. Wa Area B na C hii ndo yenu kabisa.

MASWALI

Swali: Mkuu mi sina Alipay (app ya kulipia kwa simu), itakuwaje?
Jibu: Beba noti ndogo ndogo ndugu yangu, mashine haitaki noti kubwa. Ila Alipay ifungue tu, inapokea kadi za benki za nje na itakusaidia mji mzima.

Swali: Kaka nataka nguo na viatu, niende lini?
Jibu: Kila msimu una awamu tatu, wewe nenda ya tatu dada, 1 hadi 5 Mei, au 31 Oktoba hadi 4 Novemba. Ukienda awamu ya kwanza utakuta zaidi vitu kama elektroniki na mashine.

Swali: Beji ya kuingilia je, inalipiwa?
Jibu: Mnunuzi wa nje ni bure, jisajili mtandaoni mapema na uende na pasipoti. Usiitupe, msimu ujao unaingia nayo.

Swali: Na kurudi jioni?
Jibu: Maonyesho yanafungwa saa 12 na wote wanashuka chini kwa pamoja. Toka saa 11, hasa ukiwa na mabegi ya katalogi.