Jinsi ya Kushughulikia Kukataliwa Kazi Unapobadili Fani Ukiwa na Uzoefu wa Miaka Mingi

Nilikuwa afisa mikopo wa benki kwa miaka 11 kabla ya kuhamia katika ufuatiliaji na tathmini ya miradi ya maendeleo, yaani kupima kama mradi unaleta matokeo uliyokusudia, na katika safari hiyo nilikataliwa mara 17. Leo mimi ni mmoja wa wanaoketi katika majopo ya usaili hapa Tanzania, na ninawaona watu wazima wenye sifa nzuri wakivunjika moyo kwa sababu ileile iliyonivunja mimi: wanaisoma kila barua ya kukataliwa kama hukumu ya utumishi wao wote, ilhali barua hiyo inahusu hatua moja tu ya mchujo. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuitambua hatua hiyo na kuirekebisha.

Hatua ya kwanza: Usijibu siku hiyohiyo, na usifiche

Aliyezoea kuitwa bosi kwa miaka kumi huumizwa na maneno "tunasikitika kukujulisha" kuliko kijana aliyemaliza chuo jana. Iache barua hiyo walau siku mbili kabla ya kuandika lolote. Hata hivyo, watu wa nyumbani waambie mapema. Mimi nilimficha mume wangu barua tano za kwanza, naye akadhani nimelegea, akawa ananihimiza nitume maombi mengi zaidi wakati nilichohitaji kilikuwa kutuma machache yaliyoandikwa vizuri.

Hatua ya pili: Andika umeishia wapi

Chukua daftari uandike tarehe, nafasi uliyoomba, hatua uliyofikia na maneno halisi uliyoambiwa. Nilipoyapanga maombi yangu 17 kwa namna hiyo, niliona kwamba 11 yaliishia kabla ya kuitwa kwenye usaili, manne yaliishia kwenye usaili wa kuandika, na mawili tu yaliishia kwenye mahojiano. Kwa hiyo miezi niliyoitumia kujifunza namna ya kujibu maswali mbele ya jopo haikuwa na msaada mkubwa, kwa kuwa tatizo langu lilikuwa kwenye karatasi.

Hatua ya tatu: Rekebisha kulingana na mahali ulipoishia

Ikiwa huitwi kabisa, wasifu wako bado unazungumza lugha ya kazi ya zamani. Anayeusoma kwanza mara nyingi ni afisa rasilimali watu ambaye hajawahi kuifanya kazi yako, na anachotafuta ni maneno yaliyomo kwenye tangazo. Mimi niliandika kwa fahari: "Nilisimamia mikopo ya vikundi 40 na kupunguza mikopo chechefu." Kwa watu wa benki, ambao huita mikopo isiyolipwa kwa wakati mikopo chechefu, sentensi hiyo ni heshima, lakini kwa mtu wa miradi haisemi chochote. Baadaye niliiandika hivi: "Nilikusanya taarifa za mapato na matumizi ya wanachama wa vikundi 40, nikazihakiki kwa kuwatembelea majumbani, na kuandika ripoti za kila mwezi zilizotumika kufanya maamuzi." Kazi ni ileile na kila neno ni la kweli. Usiongeze usichokifanya, kwa sababu jopo litakuuliza ulikifanyaje, na mtu mwenye uzoefu akikamatwa na uongo mdogo hupoteza na ile miaka yake ya kweli.

Ikiwa unaishia kwenye usaili wa kuandika, kubali kwamba kuna ujuzi unaokupungukia, kwani hapo miaka yako ya kazi haisaidii. Katika usaili mmoja niliulizwa kutofautisha idadi ya mafunzo yanayotolewa na mradi na mabadiliko yanayoletwa na mafunzo hayo kwa watu, nami nikayaeleza kama kitu kimoja. Sikukimbilia kuanza shahada nyingine. Nilijifunza KoboToolbox, programu inayotumiwa na mashirika mengi kukusanya taarifa kwa simu, kisha nikaomba ruhusa ya VICOBA yetu, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kuwahoji wanachama kuhusu matumizi ya mikopo yao. Niliandika ripoti ya kurasa nne bila kutaja jina la mwanachama yeyote, nikaiambatisha katika maombi yaliyofuata. Kazi ndogo uliyoikamilisha katika fani mpya hulionyesha jopo jambo ambalo cheti cha mafunzo ya wiki mbili hakiwezi kulionyesha.

Ikiwa unaishia kwenye mahojiano, fahamu kwamba jopo lina mashaka matatu ambayo mara nyingi halitayatamka: kwamba utaondoka ukipata nafasi katika fani yako ya zamani, kwamba hutaridhika na mshahara, na kwamba hutakubali kuongozwa na mtu mdogo kwako kwa umri. Yajibu kabla hujaulizwa. Unaweza kusema: "Najua naanza ngazi ya chini kuliko niliyokuwa nayo, nimekaa na familia yangu tukapiga hesabu, na mshahara uliotajwa unatutosha." Sema hivyo tu ikiwa hesabu hiyo mmeifanya kweli. Na kama bado una ajira, usiiache kwa hasira ya kukataliwa, kwa sababu fao la kukosa ajira la Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) halitolewi kwa aliyejiuzulu kwa hiari yake.

Hatua ya nne: Omba mrejesho kwa swali moja

Andika barua pepe fupi, bila kulalamika: "Nashukuru kwa nafasi ya kusailiwa. Kwa kuwa ninahamia fani hii kutoka benki, ningefurahi kujua ni ujuzi upi mmoja ambao mngependa niwe nimeuimarisha nikiomba tena." Wengi hawatajibu, wala usiwafuatilie kwa simu. Mimi nilijibiwa mara tatu tu, na jibu mojawapo ndilo lililonielekeza kwenye ile ripoti ya VICOBA.

Kwa wanaoomba utumishi wa umma

Hapa utaratibu ni tofauti. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida huweka ukomo wa umri wa miaka 45, hivyo mwenye miaka 43 atangulize maombi haya kabla ya mengine. Aliyefaulu usaili akakosa nafasi huweza kuwekwa kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya majina ya waliofaulu, na kupangiwa kazi nafasi ikipatikana; kwa hiyo jina lako kutoonekana katika orodha ya kwanza hakumaanishi kwamba ulifeli.

Hatua ya tano: Rudi palepale

Taasisi iliyokusaili ikitangaza tena nafasi, omba, mradi uwe na jambo jipya la kuonyesha. Litaje katika aya ya kwanza ya barua: "Niliomba nafasi hii mwaka jana, tangu wakati huo nimefanya utafiti mdogo ambao ripoti yake nimeiambatisha." Badilisha pia orodha ya wadhamini. Mmoja wao awe mtu wa fani mpya aliyeiona kazi yako kwa macho yake, hata kama cheo chake ni kidogo kuliko cha meneja wako wa zamani, na umpigie simu kabla ya kutuma maombi ili ajue ataulizwa nini.