Kutoka Wanamaji hadi usukani wa helikopta

Kila nikija likizo Tukuyu, kuna kijana wa ukoo aliyeko Jeshi la Wanamaji la Marekani atanipigia: "Shangazi, na mimi nataka kurusha helikopta." Basi sikilizeni wote kwa mara moja.

Hamia Jeshi la Nchi Kavu. Huko unaweza kuwa afisa mteule rubani bila digrii. (Wazee wa JWTZ msishangae, afisa mteule wa kule hupigiwa saluti.) Uraia wa Marekani ni lazima. Bodi ya uteuzi ikuchague kabla hujatimiza miaka 33, la sivyo utaomba ruhusa maalumu. Alama ya GT, ile inayotokana na mtihani wa kujiunga na jeshi, isipungue 110.

Mtihani wa SIFT, unaopima kipaji cha urubani, unafaulu kwa 40. Ukishafaulu huruhusiwi kuurudia, kwa hiyo usiukimbilie: mwenye 41 atasimama na 41 yake mbele ya bodi. Pitia hesabu na fizikia ya sekondari, kisha usome jinsi helikopta inavyopaa.

Kinachokula muda ni makaratasi. Fomu DD 368 ndiyo ya kuachiwa na jeshi lako la sasa, na vipimo vya afya ya urubani hupitishwa Fort Rucker, Alabama. Anza navyo mapema. Wakubwa wakiikalia fomu, wafuate kwa adabu kila wiki, kama mkulima wa Uyole anayemdai mnunuzi wa viazi.

Ukivishwa mabawa ya urubani, unadaiwa miaka 10 ya utumishi. Mweleze mwenzako kabla hujasaini.