Kabla ya kupanda treina: saa ya mkononi, mapigo ya moyo na sensa za baiskeli ya ndani

Saa nyingi za michezo zinaweza kushika nafasi ya mkanda wa kifuani wa kupimia mapigo unapoendesha baiskeli ndani ya nyumba juu ya treina, yaani kifaa kinachoishika baiskeli na kuipa pedeli ugumu. Saa husoma mapigo ya moyo mkononi na kuyarusha hewani, kisha programu ya baiskeli ya ndani kama Zwift huyapokea na kuyaonyesha kando ya wati, kipimo cha nguvu unayokanyagia. Ila kazi hiyo kwa kawaida haijiwashi yenyewe, na chumbani kuna vifaa vingine vinavyotumia mawimbi hayohayo. Anayeanza kutafuta menyu akiwa ameshapanda tandiko, vidole vimelowa jasho, mara nyingi humaliza zoezi bila mapigo kwenye skrini. Maandalizi haya yafanyike siku moja kabla.

Cha kwanza kujua ni saa yako inarusha kwa njia gani. Zipo mbili, ANT+ na Bluetooth, zote kwenye masafa ya gigahezi 2.4. ANT+ ni kama redio: sensa, yaani kifaa kinachopima na kurusha namba, inatangaza, na kila kifaa kilicho karibu kinasikia kwa pamoja, iwe laptopu, kompyuta ndogo ya usukani au saa. Bluetooth katika sensa nyingi hujifunga na kifaa kimoja tu, ingawa za miaka ya karibuni huruhusu viwili au vitatu. Simu ikiwahi kuishika sensa, laptopu haitaiona hata ikiwa pembeni yake. Ukiona sensa "imepotea" ilhali taa yake inawaka, mtuhumiwa wa kwanza ni simu iliyoko mfukoni au chumba cha pili.

Upande wa Garmin, saa za zamani kama Forerunner 235 na Fenix 5 hurusha mapigo kwa ANT+ pekee, wakati Forerunner 255, Forerunner 955 na Fenix 7 hurusha kwa njia zote mbili. Chaguo lenyewe liko ndani ya mipangilio ya mapigo ya mkononi, limeandikwa "Broadcast Heart Rate", na kuna jingine la kurusha kila unapoanza zoezi. Washa hilo la pili kama saa yako inalo, maana ndilo linalokuepusha na kusahau. Saa za Polar zenye uwezo huu hutumia Bluetooth tu. Apple Watch hairushi yenyewe kwa mfumo wa kawaida wa sensa. Inahitaji programu ya kupitishia. Kurusha hula betri, kwa hiyo usianze zoezi la saa mbili na saa iliyobakiwa na asilimia 15.

Kisha tazama upande wa kupokea. iPhone na iPad hazina ANT+, na laptopu haziji nayo. Laptopu huhitaji kipokezi kidogo cha USB. Mwenye saa ya ANT+ pekee na iPad asijisumbue kutafuta kosa kwenye mipangilio, kwani vifaa hivyo viwili haviwezi kuelewana moja kwa moja. Matoleo ya awali ya Apple TV 4K nayo yana mtego wake: hupokea sensa mbili tu za Bluetooth mbali na rimoti. Ukiunganisha treina na sensa ya mizunguko ya krenki (mikono inayoshika pedeli), nafasi zimekwisha na mapigo yamebaki nje. Dawa ni kuchukua mizunguko kutoka kwenye treina yenyewe, kwa kuwa treina janja (zinazowasiliana na programu) nyingi huikadiria vizuri, na nafasi ya pili ukaiachia saa.

Kipokezi cha USB kisichomekwe moja kwa moja kwenye laptopu. Milango ya USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye masafa hayohayo ya 2.4, na laptopu yenyewe mara nyingi iko mita mbili mbele, juu ya meza, huku mwili wako umekaa katikati. Nunua waya wa kurefusha wa mita 2 au 3, kipokezi ukilaze sakafuni karibu na treina. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachoondoa sehemu kubwa ya kukatikakatika. Ruta ya Wi-Fi isogezwe mbali na treina, na kama laptopu inaweza, iunge kwenye mtandao wa gigahezi 5.

Sasa mkono. Saa huangaza taa za kijani kwenye ngozi na kupima mwanga unaorudi, ambao hubadilika damu inapojaa na kupungua kwenye mishipa midogo. Chochote kinachopenyeza mwanga wa nje, kinachozuia mwanga kufika au kinachobana damu kitaharibu namba. Wanaokimbia na saa ileile bila shida hushangaa inapowadanganya kwenye baiskeli, lakini sababu ni mkao: kiganja kimekunjwa juu ya usukani, uzito wa mwili umeegemea mikono, na misuli ya mkono imekaza. Ukisimama kwenye pedeli ndipo uzito wote hushukia hapo, na namba inaweza kushuka kutoka 155 hadi 110 bila moyo kupungua hata kidogo.

Kwa hiyo ivae saa juu ya mfupa wa kifundo, kiasi cha vidole viwili kuelekea kiwiko, mahali ambapo kukunja kiganja hakuisogezi. Ikaze kiasi cha kutoteleza ukitikisa mkono, lakini isiache damu imekwama. Ukiona vidole vinapata ganzi, legeza tundu moja. Futa kioo cha nyuma kwa kitambaa chenye maji, maana chumvi ya jasho na mafuta ya kujipaka huacha utando. Wino mweusi wa tatuu humeza mwanga. Mwenye nao ahamie mkono wa pili. Baada ya dakika 10 za kupasha mwili, hakiki: weka vidole viwili shingoni, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Tofauti ya mapigo matatu au manne si kitu. Tofauti ya 20 inadai saa irekebishwe kabla hujaendelea.

Hata hivyo saa ina mipaka yake. Kwa safari ya mwendo mmoja, dakika 45 au 90 za kukanyaga bila papara, saa nzuri iliyovaliwa vizuri inatosha. Kwa vipindi vifupi vya nguvu, sekunde 30 za kukaza na 30 za kulegeza, haitoshi. Usomaji wa mkononi huchelewa, na moyo wenyewe pia huchelewa kuifuata miguu, kwa hiyo namba inapanda wakati kipindi kimeshapita. Vipindi hivyo viongozwe na wati. Anayefanya mazoezi ya aina hiyo kila wiki, ushauri ni anunue mkanda wa kifuani wenye ANT+ na Bluetooth pamoja. Mkanda husoma umeme wa moyo, haujali kiganja kimekunjwaje. Lowesha tu sehemu zake za kugusa ngozi kabla ya kuuvaa, la sivyo dakika za mwanzo zitakuwa za kubahatisha mpaka jasho litoke.

Sensa za baiskeli hazina maneno mengi. Ya mizunguko hufungwa kwenye mkono wa krenki upande wa kushoto. Ya kasi kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Nyingi hutumia betri ya duara ya CR2032, na nyingi hulala zisipozungushwa, ndiyo maana hazionekani mpaka ukanyage pedeli mara kadhaa. Kama treina yako ni ya kutoa gurudumu la nyuma, sensa ya kasi haina kazi, maana gurudumu halipo na la mbele limesimama. Kama ni ya kukandamiza tairi kwa rola, ipe programu mzingo sahihi wa gurudumu: tairi ya saizi 700x25 ni takriban milimita 2105. Upepo wa tairi uwe uleule kila mara na rola ikazwe kwa kipimo kilekile, kisha ufanye urekebishaji wa treina baada ya dakika 10 za kupasha, kwa kuwa tairi na rola baridi hutoa wati tofauti na za moto.

Mpangilio wa kuwasha una umuhimu kuliko unavyodhaniwa. Zima kwanza Bluetooth ya simu, isipokuwa simu hiyo ndiyo inayoendesha programu. Chomeka treina, kanyaga kidogo iamke, washa urushaji kwenye saa, ndipo ufungue programu. Unganisha sensa ndani ya programu, si kwenye mipangilio ya Bluetooth ya kompyuta, maana zikishikwa huko programu inaweza kushindwa kuzipata. Kwenye Zwift utaona visanduku vya wati, ukinzani (ugumu wa pedeli), mizunguko na mapigo. Jaza vyote kabla ya kubonyeza kuendelea. Hakikisha kifaa kimoja tu ndicho kinachoamrisha ukinzani. Ukiacha kompyuta ya usukani nayo imeunganishwa na treina kwa udhibiti, utahisi pedeli zinakaza na kulegea ovyo, kumbe ni mabwana wawili wanavutana.

Kanda za mapigo, yaani viwango vya mapigo vya kila ngazi ya juhudi, zipangwe upya kwa baiskeli. Kanuni ya 220 kutoa umri ni makadirio, na kwa watu wengi hukosea kwa mapigo 10 au zaidi. Isitoshe, kilele cha baiskeli kwa wengi ni cha chini kuliko cha kukimbia, hivyo ukizihamisha kanda za mbio utajiona mzembe bure. Namba hizo ziwe sawa kwenye saa na kwenye programu. Anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo asizifuate kabisa bila kuongea na daktari wake.

Ndani hakuna upepo wa safari. Mombasa au Dar es Salaam, kwenye chumba kilichofungwa, mapigo yatapanda taratibu huku wati zikibaki palepale, kwa sababu mwili unapeleka damu kwenye ngozi ili upoe na maji yanapungua. Feni kubwa ielekezwe kifuani, na chupa ya mililita 750 kwa kila saa iwe karibu. Na usiweke treina kwenye waya mmoja wa kurefusha na jokofu na pasi.

Mwisho amua nani anarekodi. Saa ikirekodi na programu ikirekodi, zote zikapeleka Strava, mtandao wa kuhifadhi mazoezi, utakuwa na safari mbili za muda uleule. Programu ina wati, umbali na mapigo pamoja, kwa hiyo faili lake ndilo la kupeleka. Kwenye saa, kata muunganisho wa Strava au ufute ya ziada baadaye. Ukitaka saa ihesabu zoezi katika takwimu zake za mafunzo, anzisha humo zoezi la baiskeli ya ndani, si la nje, la sivyo itatafuta GPS chumbani.